Tano Sambamba

Brenneis alijua amefika aliposimama kando ya njia kupisha jeneza. Wachukuzi walikuwa wanne, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga chini pamoja na mwenzake. Huyu akiinua mguu, yule anaburuta, wa tatu anaruka kidogo kama aliyekanyaga kaa la moto, wa nne amesimama kabisa anangoja zamu yake. Maiti mle ndani alikuwa akitupwa huku na huku, anagonga mbao, gu, gu-gu, gu. Mjane aliyefuata nyuma wala hakulalamika. Alikuwa ameshughulika na miguu yake mwenyewe, asije akalingana na dada yake aliyemshika mkono.

Msiniulize mji ule unaitwaje. Nimeuzunguka mara nyingi kuliko mnavyodhani na sijaona kibao. Una mto, una daraja, una miti iliyopandwa kwa mstari kando ya maji, una jumba la opera la mawe katikati, na jua lake limekwama pale pale pa asubuhi, halipandi wala halishuki. Mtu anaingia mjini na mvi kichwani, akifika kwenye chemchemi ana masharubu meusi, akikata kona amezeeka tena. Wenyeji hawashangai. Ukimwuliza mtu ana umri gani, naye anakuuliza: kwenye mtaa upi?

Huyu Ottokar Brenneis, kama hamumjui, ni Mjerumani, mtunzi wa opera, yaani ile michezo ya kuigiza inayoimbwa tangu pazia linapofunguliwa mpaka linapofungwa, watu wanaimba hata wakiombana chumvi. Alitunga nyingi. Baadhi zilishangiliwa, baadhi zilizomewa, na moja ilichezwa mara moja tu ikafungiwa kabatini. Lakini mkate wake aliupata kwa kufundisha. Alizeekea chuoni kando ya piano, penseli ya buluu nyuma ya sikio, akisahihisha kazi za vijana. Alikuwa mkali, mkali wa kweli, siyo wa kujitia. Mwanafunzi akimwona anaichomoa ile penseli, anafunika kazi yake kwa viwiko.

Langoni palikuwa na mwanamke mnene aliyekaa kwenye kiti cha miguu mitatu, anamenya viazi. Hakuinua macho.

"Wewe ndiye Brenneis?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi mbona umechelewa hivyo? Opera yako ya mwisho imeanza kitambo, imefika mwisho, na mwisho wenyewe haupo. Mkeo amesimama jukwaani mpaka sisi tunamwonea huruma."

"Irmgard?"

"Unao wangapi? Huyo huyo. Amesimama hana noti hata moja ya kuimba. Na desturi ya jumba lile unaijua. Pazia likishuka, aliye jukwaani bila noti zake ni wa ziada. Wa ziada anafutwa."

"Anafutwa vipi?"

"Kama unavyofuta wewe. Kesho hata jirani yake hamkumbuki. Hata wewe utashangaa kwa nini kitanda chako ni kipana." Akatupa kiazi kwenye ndoo ya maji. "Nenda. Na uangalie miguu yako, baba. Huku watu hawakanyagi pamoja."

Hilo ndilo lililomwingiza mjini, na ndilo lililomtoa jasho njia nzima. Onyesho la mwisho la opera ile, malkia na mfalme wanaagana darajani, lilitaka wimbo wa wawili. Hakuwahi kuuandika. Nyumbani alikuwa akisema kesho, na Irmgard alikuwa akisema sawa. Sasa kesho imefika na mke wake amesimama ndani yake, amefumba mdomo.

*

Alitembea. Unajua inavyokuwa unapoambiwa usifanye jambo ambalo mwili unalifanya wenyewe. Alijaribu kuchechemea, akakuta mzee aliye mbele yake anachechemea vile vile, akabadili, akaburuta mguu wa kushoto, akakuta kijana wa kulia anaburuta wa kushoto, akaruka, akajiona mpumbavu. Akina mama walikuwa wakiwafundisha watoto wao kutembea kwa kurudi kinyumenyume. Bibi harusi mmoja alivuka barabara kwa mguu mmoja, na bwana harusi alimfuata kwa hatua fupi fupi za bata, wote wawili wakitabasamu kwa adabu. Kwa fundi viatu palikuwa na jozi zimepangwa dirishani, kila jozi kisigino kimoja kirefu, kimoja kifupi.

Huku akitembea alikuwa akitunga. Hakuwa na karatasi, kwa hiyo aliandika kwenye mikono ya shati lake jeupe, kwa ile penseli. Mistari mitano, noti, noti, noti. Aliandika haraka akasimama kuangalia, akakunja uso. Aliugeuza mkono wa pili, akaandika tena. Akaangalia tena. Ilikuwa sauti ile ile iliyokuja, na haikuwa yake, na alijua ya nani.

Hapana, siyo hiyo. Nyingine. Ninazo nyingi. Nimeishi kwa kuzitoa, mtu hawezi kuishiwa na kitu ambacho ni yeye mwenyewe. Au anaweza. Haya, tulia. Mfalme anasema kwaheri, anaanza chini, anapanda. Anapanda na nani? Anapanda na yeye. Hapana. Siyo hiyo. Ondoka.

Akiwa katika kubishana huko na nafsi yake, aliingia darajani, na hapo hakuangalia miguu. Mbele yake palikuwa na mwanamke mwenye kapu la mikate. Brenneis alifuata mgongo wake bila kujua, na miguu yao minne, kwa sababu daraja lina mbao na mbao zina mlio, ikaanza kulia pamoja. Tap. Tap. Tap. Mji mzima ulinyamaza. Nasema mji mzima, hata maji.

Filimbi ililia. Alitokea mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu na kofia, penseli ya buluu nyuma ya sikio.

"Simameni. Nani kati yenu ni wa ziada?"

Yule mwanamke hakubisha. Aliweka kapu chini polepole, akaegemea ukingo wa daraja, akasema, "Mimi nilikuwa mbele, Bwana Mkaguzi, lakini yeye ni mgeni, basi niende mimi." Kisha akageuka, akashuka ngazi zinazokwenda majini, na kila ngazi aliyoshuka ilimpunguza, mpaka likabaki kapu tu na mvuke wa mikate.

Brenneis alilisogelea kapu. Aliinama kuushika mkate mmoja. Ulikuwa wa moto bado.

"Mwalimu," akasema yule Mkaguzi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Alivua kofia. "Umenisahau. Mimi Gisbert. Benchi la nyuma, karibu na jiko."

"Gisbert." Alimkumbuka. Kijana mwenye masikio makubwa aliyerudia kosa moja kila wiki. "Ulikuwa unalia."

"Nililia sana, Mwalimu. Halafu nikashika. Unakumbuka ulivyotuambia? Sauti mbili zikitembea kwa umbali wa noti tano, zikipanda pamoja, zikishuka pamoja, hizo ni tano sambamba, na tano sambamba ni marufuku. Kwa nini ni marufuku? Kwa sababu sikio linaacha kusikia mbili. Linasikia moja. Na kama inasikika moja, basi moja kati ya zile mbili ni ya ziada. Futa ya chini."

"Ni maneno yangu hayo."

"Neno kwa neno. Tuliyatoa darasani tukayaleta huku, tukayafanyia kazi. Tazama mji ulivyo." Akanyoosha mkono kwa fahari, kama anamwonyesha baba yake nyumba aliyojenga.

Na sasa nitawaambia jambo ambalo Brenneis mwenyewe hatawaambia. Alifurahi. Kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja alitazama ule mji, watu wote wale wakipishana, wakijihangaisha, kila mmoja na hatua zake, na kifua kikajaa. Ni nani asiyetaka neno lake lisikike mpaka kwenye visigino vya watu asiowajua? Mwalimu gani anayesema nataka nisahauliwe? Halafu akatazama kapu la mikate, na furaha ile ikamtoka. Akataka kuondoka pale, akataka kubaki, akahamisha uzito mguu hadi mguu.

"Yule mama amekwenda wapi, Gisbert?"

"Mama yupi, Mwalimu?"

Gisbert hakuwa akidanganya. Uso wake ulikuwa safi kabisa.

*

Naomba mumwelewe huyu mzee, maana mkimhukumu kabla sijafika mwisho mtakuwa mmefanya kosa lake lile lile. Kanuni ile hakuitunga yeye. Aliikuta kwa walimu wake, nao waliikuta kwa walimu wao, na wengi waliifundisha kama mtu anavyomfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Brenneis aliifundisha kama mtu anayeziba mlango. Alipokuwa kijana, barabara ya kwao iliwahi kutetemeka asubuhi nzima. Vikombe viligongana kabatini. Alipochungulia dirishani aliona buti, safu kwa safu, maelfu ya miguu inainuka mara moja na kushuka mara moja, na juu ya miguu nyuso, na katika nyuso zile alimtafuta kaka yake. Alijua yumo. Alimtafuta safu baada ya safu, na kila uso ukawa kama wa kaka yake, na kwa kuwa kila uso ulikuwa wa kaka yake, kaka yake hakuonekana. Barabara ikatulia, vikombe vikatulia. Kaka hakurudi. Tangu siku hiyo akili ya Brenneis ilishika jambo moja ikakataa kuliachia: vitu viwili vikienda sawasawa kabisa, kimoja kimekwisha kufa ila hakijaambiwa. Akawa anajiuliza, hata akiwa mezani, hata akiwa kanisani, je, mtu anayetembea na mwenzake bila kupishana hata unyayo, yupo? Na kama hayupo, ni nani anayetembea? Alikuwa akiwatazama wapenzi bustanini, wameshikana viuno, wanakanyaga pamoja, akasikia vikombe.

Kwa hiyo Gisbert alipomwambia, "Huku hatuna jeshi, Mwalimu. Tangu kanuni yako ishike, hakuna aliyeweza kupiga gwaride," Brenneis alikubali kwa kichwa. Ilikuwa kweli. Mji ule haukuwa umemwua mtu kwa buti. Ulikuwa umewafuta kwa penseli, mmoja mmoja, kwa utaratibu mzuri.

"Nipeleke kwenye opera," akasema. "Mke wangu ananingoja."

"Nilikuwa naja kukupeleka. Kazi yangu ni kuukagua ule mwisho." Gisbert alivaa kofia yake. "Nitatangulia nusu hatua, Mwalimu. Usinilinganishe."

*

Njiani, kabla hawajafika, walipita chemchemi, na kwenye chemchemi masharubu ya Brenneis yakawa meusi, na akawa amekaa kwenye piano chuoni, dirisha liko wazi, na Irmgard anaweka karatasi zake mbele yake.

Alikuwa binti wa muuza mbegu, mwenye mikono mikavu na macho yasiyotazama chini. Alikuwa ameleta wimbo wa wawili. Mwanamke juu, mwanamume chini yake, umbali wa noti tano, na tangu noti ya kwanza walikwenda pamoja. Hawakuacha. Darasa zima lilikuwa linatazama, na Gisbert mdogo amekaa karibu na jiko na masikio yake. Brenneis aliupiga ukurasa ule tangu juu. Na hapa sitaki mdanganyike: aliupenda. Ulimpata chini ya mbavu, mahali ambapo hakuna kanuni. Aliendelea kupiga, mkono wake ukawa mwepesi, na kabla hajafika mwisho wa ukurasa alisikia vikombe vikigongana kabatini.

Akachomoa penseli. Akavuta mstari juu ya sauti ya mwanamume, tangu juu mpaka chini, akikandamiza hata karatasi ikachanika kidogo.

"Huyu mwanamume ni wa ziada," akasema.

Darasa likacheka. Irmgard hakucheka wala hakulia. Alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani zikalingana, akaketi. Hakutunga tena. Aliimba. Aliimba opera za Brenneis zote, hata zile zilizozomewa, na baadaye akaolewa naye. Mtauliza iliwezekanaje. Waulizeni wazazi wenu iliwezekanaje. Katika nyumba yao walizungumza mambo yote, bei ya makaa, maumivu ya goti, ubaya wa waimbaji wa siku hizi, na wimbo ule hawakuutaja kabisa.

"Mwalimu, unalowa," akasema Gisbert, na Brenneis akajikuta mzee, mkono wake umo ndani ya chemchemi.

*

Jumba lilikuwa limejaa. Watu walikaa safu kwa safu na kila mmoja alivuta pumzi kwa wakati wake, kwa hiyo ukumbi ulikuwa na mlio wa msumeno usioisha. Juu kabisa pazia jekundu lilikuwa limeanza kushuka, polepole sana, kama mtu anayesinzia. Irmgard alikuwa katikati ya jukwaa, amevaa gauni la malkia, taji amelivua amelishika mkononi, viatu pia amevua. Akiwa upande wa kushoto wa taa alikuwa msichana wa chuoni. Akiwa upande wa kulia alikuwa bibi mwenye shali. Alikuwa akihama hama kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kuchoka kusimama.

Brenneis alipanda jukwaani. Gisbert alikaa kiti cha mbele kabisa, penseli gotini.

"Umekuja, Mwalimu," akasema Irmgard. Alimwita Mwalimu alipokuwa amekasirika. Alipokuwa hana kinyongo alimwita Ottokar.

"Mfalme yuko wapi?"

"Alifutwa tangu onyesho la pili. Alitembea sawasawa na ngoma." Akamtazama mikono. "Na wewe umeniletea nini?"

Alimnyooshea mikono ya shati. Irmgard alisogea, akavishika vifundo vya mikono yake, akasoma kushoto, akasoma kulia, na midomo yake ikatikisika kidogo.

"Huu ni wangu."

"Najua. Kila nikiandika, unakuja huo. Nimejaribu, Irmgard. Njia nzima nimejaribu. Sina mwingine."

"Na umeandika mpaka pale pale."

"Pale wapi?"

Irmgard aliiachia mikono yake. Alitazama juu, kwenye pazia. Lilikuwa limefika kwenye taa za juu na kuzifunika nusu, na jukwaa likawa jekundu.

Brenneis alishusha sauti. Miguu haikutaka kutulia, alikuwa akikanyaga kanyaga mahali pamoja kama mtoto anayetaka ruhusa ya kutoka. "Sikiliza. Tuuimbe. Nitaimba ya chini, ile niliyoifuta. Utakuwa na noti zako, pazia likishuka hawatakugusa. Gisbert atasikia tano sambamba, atakuja na penseli. Atafuta ya chini. Mimi nitakwenda, wewe utabaki."

Irmgard alicheka. Ulikuwa ule mcheko wake wa jikoni, wa mtu aliyemkamata mumewe anaonja mchuzi kwa kidole.

"Yaani hata katika kufutwa unataka uwe mhusika mkuu."

"Nakuokoa, mke wangu."

"Sikukuomba uniokoe. Nilikuomba upige ukurasa wangu." Akalivaa taji, likakaa upande. "Siku ile ulisikia buti."

Hakuwahi kumwambia mtu. Alitaka kukana, akashindwa. "Nilimsikia kaka yangu. Nilisikia kwamba simsikii."

"Najua. Unaota kwa sauti, umekuwa ukiota miaka yote na mimi nimelala pale pale. Lakini wale hawakuwa wakisikilizana, Ottokar. Walikuwa wanamsikiliza mtu mmoja anayepiga kelele mbele. Mimi yule mwanamume wangu nilimwandika akimsikiliza mwanamke hatua kwa hatua. Akiinua, anainua. Akishusha, anashusha. Kazi ngumu hiyo, kumsikiliza mtu namna hiyo. Wewe ungeweza?"

"Sijui."

"Basi tuone."

*

Wakaanza.

Sauti ya Brenneis haikuwa ya mwimbaji. Ilikuwa ya mwalimu, imekwaruzwa na chaki na kahawa. Aliingia chini ya sauti ya Irmgard kwa umbali ule uliokatazwa, na ukumbi mzima ukaacha kuvuta pumzi. Wakapanda. Alikuwa anangoja vikombe. Alikuwa amejikaza kuvingoja, mabega juu, na badala yake akamsikia yeye. Alimsikia anavyoipokea noti kabla ya kuiacha, anavyovuta hewa kidogo kwa upande wa mdomo, mambo ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiyaongoza kwa kifimbo cha muziki bila kuyasikia. Ili asimpoteze ilimbidi amfuate kwa masikio, kwa ngozi, kwa kila kitu. Na kadiri alivyomfuata ndivyo alivyojisikia mwenyewe, huku chini, mkwaruzo wake, woga wake, yeye na si mtu mwingine.

Tuko wawili. Nahesabu. Huyu, na huyu. Tunakanyaga pamoja na tuko wawili. Kaka, ungekuwa na mtu wa kukusikiliza namna hii ningekuona. Ningekuona hata kwenye safu ya mwisho.

Miguu yao ilikuwa imeanza kutembea. Walikuwa wakizunguka jukwaa polepole, unyayo kwa unyayo, na kwenye safu ya mbele baadhi ya watu walikuwa wakiwatazama, kisha wakatazama viatu vyao vyenye visigino virefu na vifupi. Mzee mmoja alivua cha kwake.

Gisbert alisimama. Hakuwa na hasira, tusimwonee. Alikuwa na uso wa mwanafunzi aliyejua jibu. Alipanda jukwaani kwa zile hatua zake zilizovunjika, akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaja upande wa Brenneis, na kwa adabu kabisa akaweka ncha begani kwake.

"Samahani, Mwalimu. Ya chini."

Akavuta. Mstari wa buluu ulishuka begani, ukashuka kwenye mkono, na pale ulipopita mkono ulikuwa haupo. Brenneis hakusikia maumivu. Alisikia tu baridi, kama mtu aliyefunuliwa blanketi. Irmgard aliona. Hakuacha kuimba, lakini macho yake yalimshika, na Brenneis aliyashika macho yale, akaendelea, noti kwa noti, chini yake, huku mstari ukitambaa kuelekea kwenye mbavu. Pazia lilikuwa limefika kichwani kwao. Alifikiri: basi, nimempa noti zake. Alifikiri: bado kidogo. Alijua ukurasa ule kwa moyo kuliko sala yoyote, alijua kila noti aliyoifuta, na aliziimba zote mpaka akafika kwenye ile ya mwisho, chini kabisa ya ukurasa, kwenye pembe.

Akafungua mdomo kwa inayofuata. Hapakuwa na kitu.

Hakuijua. Siku ile ya chuoni alikuwa amefika kwenye kosa, akachomoa penseli, akaridhika. Hakufunua ukurasa. Katika miaka yote ya kuishi na mwanamke yule, ya kula naye, ya kumwandikia malkia na wachawi na mabinti wa wafalme, haikumpitia akilini kwamba zile karatasi ambazo Irmgard alizigonga mezani zikalingana zilikuwa nyingi kuliko ukurasa ule mmoja. Alisimama pale, mdomo wazi, mwalimu mzima, hajui kinachofuata.

Irmgard alikuwa anajua. Aliuvuka ukingo wa ukurasa peke yake.

Mwanzo alibaki kule kule juu, na chini yake palikuwa patupu, pana upana ule ule wa noti tano. Kila mtu ukumbini aliusikia ule utupu. Ulikuwa unatembea naye. Halafu alianza kushuka. Alishuka bila haraka, akagusa noti moja kati ya zile alizokuwa akiimba yule mwanamume, akainama juu yake, akaiacha, akagusa ya pili. Alikuwa anapita mahali alipopita yule mwanamume, safu baada ya safu, akitazama kila moja. Alikuwa anamtafuta. Brenneis alilitambua jambo lile kabla hajalielewa, maana alikuwa amewahi kusimama dirishani akalifanya yeye mwenyewe, na machozi yakamtoka waziwazi mbele ya watu.

Penseli ilisimama chini ya mbavu zake. Gisbert alikuwa ameinamisha kichwa, yale masikio makubwa yamesimama, anasikiliza. Hapakuwa tena na sauti mbili. Hapakuwa na ya chini. Alitazama mstari wake wa buluu ulioishia hewani, akamtazama mwanamke, akatazama watu ukumbini ambao walikuwa wameanza kuvuta pumzi pamoja, taratibu, ili wasimkatize. Pazia lilikuwa limesimama juu ya taji lake.

"Mwalimu," akanong'ona, na ilikuwa sauti ya benchi la nyuma, karibu na jiko. "Mwalimu, kosa liko wapi?"

Brenneis aliinua mkono aliobakiwa nao. Aliichukua ile penseli polepole kutoka kwenye vidole vya mwanafunzi wake, akaishika tu, hakuitumia.

"Sijui," akasema. "Hajamaliza."